Mama, Lengo Lako Linapimwa Lini?

Mwezi wa Agosti mwaka jana tulikuwa tunatafuta karatasi ya kuwashia jiko la mkaa. Baridi ya Mbeya mwezi huo bado inauma, na moto ulikuwa umekataa. Mkononi likaja daftari dogo la jalada la bluu ambalo tulikuwa tumelisahau kabisa. Lilikuwa daftari la mkesha wa mwaka mpya. Wengi wenu mnalifahamu daftari la namna hiyo. Usiku wa tarehe 31 Desemba, kati ya nyimbo na maombi, tunaambiwa tuandike yale tunayotaka kuyatimiza katika mwaka unaoanza, na kila mama huinamia kalamu yake kama mtoto wa darasa la saba siku ya mtihani.

Sisi tulikuwa tumeandika mambo kumi na moja. Kuamka saa kumi alfajiri kila siku kwa ajili ya maombi. Kupunguza mwili. Kuweka akiba. Kujifunza kompyuta. Kuwa mvumilivu zaidi kwa watoto. Kuanzisha mradi wa kuku. Kumtembelea mama mzazi Iringa kila mwezi. Na mengineyo. Katika hayo yote tulikuwa tumetimiza moja tu, nalo ni kushona mapazia ya sebuleni. Tukacheka peke yetu pale jikoni. Kicheko kilikatika tulipofika namba tisa: kupima presha kila mwezi.

Kumbuka, msomaji, kwamba anayeandika haya ni muuguzi. Mashine ya presha tunaishika kila siku ya kazi. Tumewapima akina mama wasiohesabika na kuwaonya kwa sauti ya ukali kidogo. Mama yetu mzazi anameza dawa za presha miaka mingi sasa, kwa hiyo tulijua vema kwamba jambo hili limo katika ukoo. Hata hivyo, tangu Januari hadi Agosti hatukuwa tumejipima hata mara moja. Kesho yake asubuhi tukajipima: 158 kwa 96. Tukakaa, tukatulia, tukarudia: 156 kwa 94. Siku nyingine tena, vivyo hivyo. Kwa mtu mzima, kipimo kikifika 140 kwa 90 au kuzidi, tena kikawa hivyo kwa siku mbalimbali, hiyo ni presha ya juu. Hatukuwa tunaumwa kichwa wala kusikia kizunguzungu. Ndivyo ugonjwa huu ulivyo, unakaa kimya hadi siku unapompooza mtu upande mmoja wa mwili au kumharibia figo.

Basi tangu siku hiyo tumekuwa tukijiuliza kwa nini sisi akina mama tunaandika malengo mazuri, kwa imani na kwa machozi, halafu tunayakuta Agosti kwenye karatasi za kuwashia moto. Si uvivu. Hakuna mama mvivu tunayemjua katika mikoa hii ya Nyanda za Juu Kusini. Mama anayelala saa tano usiku na kuamka saa kumi na moja alfajiri haitwi mvivu.

Kosa la kwanza tuliliona pale pale daftarini. Mengi tuliyoyaandika yalikuwa matamanio tu. Kuwa mvumilivu zaidi, je, nani atakuambia kwamba sasa umefika? Kupunguza mwili, kwa kilo ngapi, na utapanda mizani lini? Jambo lisilo na siku ya kupimwa haliwezi kukushtaki, na lisilokushtaki unalisahau.

Kosa la pili lilituuma zaidi. Daftari lile liliandikwa na mama ambaye hayupo. Mama yule hana zamu ya usiku, hana mtoto anayeugua tumbo, hana mgeni anayeshuka kwenye basi bila taarifa, wala hana shamba. Yule angeweza kuamka saa kumi kila siku. Sisi tulioko hatuwezi, na hata Bwana Yesu alipozungumza juu ya mtu anayetaka kujenga mnara (Luka 14), alisema kwanza aketi ahesabu gharama. Sisi tulikuwa tumesimama kwenye mkesha, na hesabu hatukupiga.

Halafu kuna suala la Januari yenyewe. Hebu tuwe wakweli. Huku kwetu mvua zinaanza kuelekea mwisho wa mwaka, na Januari ndio mwezi wa kupalilia na kuweka mbolea. Ghala linapungua, mahindi mabichi bado. Shule zinafunguliwa, na kila mtoto anataka sare, madaftari na viatu, maana vya mwaka jana vimembana. Hakuna mwezi mgumu kuliko huo kwa mama wa Mbozi, wa Kilolo au wa Mufindi kuanza jambo jipya, hasa la fedha. Mama huyo ana mwaka wake mwingine, unaoanza Julai, magunia yakishafungwa na chakula cha nyumbani kikishatengwa. Sisi tunaona lengo la akiba liandikwe wakati huo, si kwenye mkesha. Kwa mama wa Tukuyu hali ni tofauti kidogo. Kule mvua ni karibu mwaka mzima, na mwenye ndizi au ng'ombe wa maziwa anapata fedha kidogo kidogo muda wote. Yeye anaweza kuanza mwezi wowote, ila kwa kiasi kidogo. Mwenye mshahara naye ana kalenda yake, na anajua tarehe 20 inavyofanana.

Tukiwa katika mawazo hayo tulikumbuka habari ambayo kila aliyesomea uuguzi upande wa Iringa ameisikia. Mwaka 1983 serikali yetu, pamoja na Shirika la Afya Duniani na UNICEF, kwa fedha zilizotolewa na serikali ya Italia, ilianza mpango wa lishe katika vijiji 168 vya mkoa wa Iringa. Wakati huo Njombe ilikuwa ingali ndani ya mkoa huo; ilifanywa mkoa wake mwaka 2012. Watoto wengi wadogo walikuwa na uzito pungufu, na wengine walikuwa wakifa. Sasa fikiria, mama, kama kamati ya kijiji ingeandika daftarini mwake: kumaliza njaa. Ingeandika, ingeomba, na mwaka ungepita.

Hawakufanya hivyo. Kila baada ya miezi mitatu waliweka siku ya afya ya kijiji. Watoto wa chini ya miaka mitano walipimwa uzito mbele ya watu, na matokeo yakapelekwa kwenye kamati ya kijiji. Kwa mtoto aliyepungua liliulizwa swali moja zito: kwa nini huyu, katika nyumba hii? Kisha likafuata la pili: kwa kile kilichopo katika nyumba hii, nini kinaweza kufanyika kabla ya siku ya kupima ijayo? Miezi mitatu ikipita, mtoto anarudishwa kwenye mizani. Kama hakuongezeka, hawakumtukana mama. Waliuliza upya, wakajaribu jambo jingine.

Majibu yake yalikuwa madogo mno, tena ya kawaida. Ilionekana kwamba shida kubwa ya mtoto mdogo haikuwa ukosefu wa mahindi ghalani. Mtoto alikula mara mbili tu kwa siku, kama baba yake, na uji wenyewe ulikuwa maji matupu. Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo, halibebi shibe ya kutwa kwa mara mbili. Kwa hiyo lengo likawa kuongeza mlo mmoja. Pia akina mama walihimizwa kutumia kimea, yaani ulezi uliooteshwa, ukakaushwa na kusagwa. Kimea si kitu kigeni. Bibi zetu walikijua sana, ingawa walikijua kwa kupikia pombe! Kijiko kidogo cha kimea katika uji mzito huulainisha bila kuongeza maji, uji ukachemshwa tena, na mtoto akapata chakula kingi katika kikombe kile kile. Vijiji vingine vilitenga mahali pa kulelea watoto wakati mama zao wako shambani, kwa sababu waligundua kwamba kilichokosekana nyumba nyingi ni muda wa mama.

Matokeo yalionekana. Mwanzoni, katika kila watoto 100 waliopimwa, kama 56 walikuwa na uzito pungufu. Baada ya miaka kama minne walikuwa wamebaki kama 38, na wale walio katika hali mbaya kabisa walipungua zaidi ya nusu. Hakuna aliyemaliza njaa. Nyumba moja moja iliongeza kikombe cha uji.

Hatuwezi kuisimulia habari hiyo kana kwamba kazi ilikwisha. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta kwamba Iringa ndio mkoa unaoongoza nchini kwa udumavu. Watoto kama 57 katika kila 100 ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka, wakati kwa nchi nzima ni 30. Ni kweli, uzito na urefu ni vipimo viwili tofauti, wala mtu asiviweke kwenye mizani moja. Lakini mkoa wenye mahindi, viazi, maharage, maziwa na matunda! Inatia uchungu, na kila mama wa huko anaijua sababu mojawapo: anatoka nyumbani alfajiri, anarudi jua limezama, na mtoto ameshinda na dada yake wa miaka minane. Jambo lililofanikiwa linahitaji kuendelea kupimwa. Mizani ikiwekwa stoo, kikombe cha uji nacho hurudi kabatini.

Katika kikundi chetu cha akina mama pale kanisani, upande wa Uyole, yuko mama mmoja kijana. Kwa ruhusa yake tunasimulia, bila jina. Mtoto wake wa tatu, wa miezi kumi na minne, uzito wake ulisimama mahali pamoja kliniki mbili mfululizo. Nesi alimwambia amlishe mara tano kwa siku. Akaitikia vizuri, akaenda nyumbani, akashindwa tangu siku ya kwanza. Alipotujia alikuwa analia. "Dada, mimi ni mama mbaya," alisema. "Mara tano nitazipata wapi, na mimi nauza nyanya sokoni tangu asubuhi?"

Tulikaa naye tukapiga hesabu. Mtoto alikuwa akila asubuhi kabla mama hajatoka, na usiku. Katikati alipewa chai na kitumbua. Tukamwambia asahau habari ya mara tano kwa sasa. Je, saa nne panaweza kupatikana kikombe kimoja? Akafikiri. Alikuwa na chupa ya chai iliyokaa bure kabatini, zawadi ya harusi. Akaamua kupika uji mzito alfajiri, autie karanga zilizotwangwa, aujaze kwenye chupa, na amwombe shangazi wa mumewe anayebaki nyumbani ampe mtoto saa nne. Ni uji wa saa nne tu. Siku ya kupimwa tayari ilikuwepo, ni siku ya kliniki mwezi ujao.

Wiki mbili mambo yalikwenda. Wiki ya tatu ukatokea msiba kijijini kwao, akaenda na mtoto, na siku tisa uji wa saa nne haukuwepo. Hapa ndipo sisi akina mama tunapoanguka. Tukikosa siku tisa tunasema imeshindikana, tunasubiri mkesha mwingine. Yeye alirudi Jumatatu usiku, akiwa amechoka na macho mekundu. Jumanne alfajiri akawasha moto, akapika uji. Siku ya kliniki mtoto alikuwa ameongeza gramu 200. Si nyingi. Mwezi uliofuata aliongeza 300, na ule mstari kwenye kadi, uliokuwa umelala kama barabara ya Usangu, ukaanza kupanda. Ndipo alipoongeza uji wa saa kumi jioni. Hadi leo mara tano hajazifikisha kila siku, na mtoto anakimbia.

Kuhusu fedha hatutasema mengi, maana wengi wenu mna vikundi na mnayajua. Tuseme tu kwamba kikoba kinafaulu mahali kibubu kinaposhindwa kwa sababu kikoba kina siku na kina mashahidi. Sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu. Kibubu kina kisu cha jikoni. Lakini tumeona pia akina mama walioko katika vikundi vinne, wanakopa huku ili warejeshe kule, na wakikwama wanakimbilia ile mikopo ya mitaani ambayo watu wameiita kausha damu. Lengo la akiba linalotimizwa kwa mkopo si akiba. Kama hisa tano kila wiki zinakutoa jasho la usiku, nunua mbili. Wenzako watasema. Waache waseme.

Jambo jingine linahitaji kusemwa kwa upole. Tumewahi kuletewa daftari la mwenzetu ambalo lengo lake la kwanza lilikuwa: mume wangu aache ulanzi. Tunamwelewa. Lakini hilo si lengo, ni ombi, tena ni ombi jema la kumpelekea Mungu. Lengo ni lile ambalo mguu wako na mkono wako vinaweza kulitimiza. Tulimuuliza, je, katika jambo hilo wewe unaweza nini? Akasema anaweza kulipia mahitaji ya shule ya watoto siku ile ile mahindi yanapouzwa, kabla fedha haijalala nyumbani, na kumweleza baba mapema, wakiwa wametulia, kwamba ndivyo watakavyofanya. Baba alikubali bila ugomvi. Kumbe naye fedha hiyo ilikuwa inamtoroka bila kupenda. Ulanzi haujaisha, lakini watoto wana madaftari. (Na kama ndani ya nyumba kuna kipigo, mama, hilo si la daftari wala la kuvumilia. Katika vituo vya polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Nenda, na umwombe mtu mnayeaminiana akusindikize.)

Mama yetu mzazi, aliyekuwa msichana mwaka 1973, hupenda kutusimulia kampeni ya Mtu ni Afya. Walikusanyika kwenye redio moja, kundi zima, wakasikiliza kipindi, wakasomewa kijitabu, kisha wakaulizana: wiki hii tufanye nini? Watu kama milioni mbili nchini walishiriki katika makundi ya namna hiyo. Wiki moja walichimba choo cha fulani, wiki nyingine wakafyeka majani yanayoficha mbu. Tulipomweleza habari ya daftari letu na mambo yake kumi na moja, alitutazama kwa muda. "Mwanangu," alisema, "sisi tulichimba shimo moja."

Basi tulilirudia lile daftari. Mambo manane tuliyafuta kwa rula, na tunakiri kwamba tulisikia nafuu, kama mtu aliyetua ndoo. Kuku tumewaahirisha mpaka mtoto wa mwisho amalize kidato cha nne. Kumtembelea mama kila mwezi tulikubadilisha kukawa kumpigia simu kila Jumapili baada ya ibada na kwenda mara mbili kwa mwaka, na yeye amefurahi, kwa sababu ile ya kila mwezi hakuwa ameiona hata mara moja.

Presha tuliipa nafasi ya kwanza. Daktari alituanzishia dawa, kidonge kimoja kila jioni, na tulikiunganisha na taarifa ya habari ya saa mbili usiku, kwa kuwa hiyo hatuikosi. Chumvi ya mezani tuliiondoa mezani. Watoto walinung'unika wiki moja, baba wa nyumbani wiki tatu. Kujipima tuliweka Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi, kabla ya mgonjwa wa kwanza kuingia. Na kwa kuwa tunajifahamu, tulimwomba dada mmoja mdogo wa kazini atupime yeye, aandike yeye, na daftari likae kwenye droo yake. Mwanzoni aliona haya kumkumbusha mtu mzima. Siku hizi haoni haya kabisa.

Septemba ilikuwa 148 kwa 92. Oktoba, 142 kwa 90. Novemba tulifiwa Iringa, tukapanda basi alfajiri, na tulipofika Makambako tukakumbuka kwamba dawa zimebaki juu ya meza. Siku sita bila kidonge. Tungeweza kununua vingine kwenye duka la dawa, lakini shughuli za msiba zilituzidi, au tuseme tuliziacha zituzidi. Jumatatu ya Desemba kipimo kilikuwa 152 kwa 94, na dada yule hakusema neno, aliandika tu, ambayo ni mbaya kuliko kusema. Tangu hapo vidonge vya siku saba vinakaa kwenye mkoba, pamoja na funguo.

Kwenye mkesha uliofuata tuliandika jambo moja, kalamu tukaifunga, na majirani wa benchi wakadhani tumekosa imani. Jumatatu iliyopita ilikuwa 136 kwa 86. Dada ameandika kwa kalamu nyekundu, eti ya bluu imeisha wino.